Redio ya mtaa imenyamaza, inavuma ao inasikika upande mmoja tu wa mji: tuanze kutafuta wapi

Hii naiandikia watu wa redio ndogo, zile za wajitoleaji, zenye emeteri (ile mashine ya kurusha mawimbi) ya wati 50, 100 ao 300, mikseri moja, mikro mbili, kompyuta ya zamani na mlingoti juu ya paa. Mimi niko Bukavu, mashariki ya Kongo, ufundi wa redio nimeujifunza kwa kupanda mlingoti na kushika waya, na mpaka leo simu inanilia asubuhi mapema, fundi kuja haraka emeteri imekufa. Nafika pale, mara nyingi nakuta emeteri iko nzima kabisa na tatizo liko mahali pengine, lakini mtu ameshaifungua, ameshazungusha vitu ndani, na sasa tuko na matatizo mawili.

Kwa hiyo musiguse emeteri kwanza. Sauti iko na njia yake: inatoka mdomoni, inaingia mikro, inapita mikseri, inaingia emeteri, inapanda kable, inafika antene, inaruka hewani mpaka kwenye kiredio cha mama anayeuza ndizi sokoni Kadutu. Kwenye ile njia kuna mahali sauti inapoharibikia, na kazi yako ni kupajua pale mahali kabla ya kushika bisibisi.

Vifaa vya kutafutia havina bei kali. Kaske nzuri ya masikio, kiredio kidogo cha mawe (betri ndogo), multimetri, na daftari. Weka kaske kwenye mikseri usikilize. Halafu toka nje na kiredio, tembea mita 200 ao 300 mbali na mlingoti (ukisikiliza chini ya mlingoti kiredio kinalemewa na nguvu na kitakudanganya), usikilize tena. Kwenye kaske safi na kwenye kiredio mbaya, ugonjwa uko kuanzia kwenye ile waya inayoingia emeteri kwenda mbele. Kwenye kaske tayari mbaya, ugonjwa uko studio, achana na mlingoti.

Na musisahau wasikilizaji. Sisi tuko na watu watano tunaowapigiaka simu, mmoja Panzi, mmoja Bagira, mmoja Kadutu, mmoja Nguba, mmoja kisiwani Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, na wote tunawauliza swali lile lile: unasikia nini sasa hivi, usiniambie jana. Mama mmoja wa Kadutu aliniambia siku moja, "Fundi, leo redio yenu inalia sawa vile mutu anaongeaka ndani ya bidoni," yaani dumu. Lile neno lilinisaidia kuliko mashine yoyote, nitalirudilia chini.

Kimya ni cha aina mbili

Mtu akisema "redio haiko", muulize: unasikia shhhhh ama husikii kitu kabisa? Hii ni tofauti kubwa sana na watu wengi hawaijui. Shhhhh maana yake kiredio hakipati mawimbi yenu, emeteri imezima ao antene haitupi. Lakini kama ile shhhh imepotea na kimebaki kimya safi kama usiku, basi emeteri inafanya kazi vizuri na antene pia, ni sauti tu ndiyo haifiki. Ukipata kimya safi usiende kwenye mlingoti, rudi studio. Mtangazaji ameshusha fada (kile kitelezi cha sauti kwenye mikseri), orodha ya nyimbo kwenye kompyuta imefika mwisho, kompyuta imelala yenyewe, ao fishi (plagi) imechomoka nyuma ya mikseri kwa sababu mtu alisukuma meza akifagia. Hii inapona kwa dakika mbili.

Kwenye kompyuta zima ile kazi ya kulala, zima sauti za ujumbe, na flashi za watu zipimwe virusi kwenye mashine nyingine kwanza, ndiyo basi.

Inakata na kurudi: andika saa

Hapa daftari ndiyo dawa. Kila inapokata, andika saa na hali ya hewa, wiki moja tu, hata kama munaona ni kazi bure.

Kama inakata jioni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, wakati mtaa mzima umewasha taa na majiko, huo ni umeme umeshuka. Umeme wa nyumbani unapaswa kuwa volti 220, lakini nimeshapima prizi ya studio saa moja jioni nikapata 158. Emeteri nyingi ikishuka hivyo inajizima kujilinda, umeme ukipanda kidogo inawaka, na hiyo kuzima na kuwaka mara ishirini kwa saa ndiyo inaua saplai, ile sehemu ya ndani inayolisha emeteri umeme. Dawa ni stabilizateri, kifaa cha kusawazisha umeme, inayoweza kubeba mzigo mara mbili ya ule mulio nao, ama jioni mupeleke emeteri kwenye batri.

Kama inakata saa saba ao nane mchana, jua kali juu ya mabati na chumba hakina dirisha, hilo ni joto. Gusa mgongo wa emeteri, kama huwezi kuacha mkono hapo basi fungua vantilateri (feni), utakuta vumbi limekaa kwenye chujio kama blanketi. Tunasafisha na brashi laini kila mwezi, kiangazi kila wiki mbili, kwa sababu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane vumbi la barabara zetu linaingia hata ndani ya mikro.

Na kama inakata mvua ikinyesha, ama saa mbili tatu baada ya mvua, hayo ni maji kwenye kable. Hii nitaieleza kwa urefu.

Kuhusu batri, wacha niweke hesabu wazi kwa sababu watu wanagombana bure. Emeteri ya wati 100 inakula karibu wati 200, kompyuta 60, mikseri 30, jumla 290. Batri ya 12 V na 200 Ah iko na 2,400 Wh, lakini usitumie zaidi ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo 1,200, konvertiseri (ile inayogeuza umeme wa batri kuwa wa 220) nayo inakula sehemu yake, inabaki karibu 1,000. Gawanya na 290, unapata saa tatu na nusu. Siyo saa nane. Mtu akiwaambia batri moja itawafikisha asubuhi, anawadanganya. Batri ikipumzika bila mzigo na bila kuchajiwa, 12.7 ni imejaa, 12.2 ni karibu nusu, ukiona imeshuka chini ya 12 zima, kwa sababu kila siku munayoishusha hivyo inakufa kidogo na hairudi.

Maji kwenye kable, ugonjwa namba moja wa mji wetu

Bukavu mvua inaanza mwezi wa tisa mpaka wa tano, kwa hiyo kable yenu inaogeshwa miezi tisa kila mwaka. Dalili zake: redio inasikika vizuri kiangazi, mwezi wa kumi inaanza kufifia, wasikilizaji wa mbali wanapotea kwanza, na kwenye kioo cha emeteri ile namba ya nguvu inayorudi inapanda.

Ile namba ndiyo munapaswa kuisoma kila asubuhi kama vile nesi anavyosoma joto la mgonjwa. Emeteri inatuma wati 100 juu, antene nzima inazitupa karibu zote hewani, chache zinarudi. Zikirudi 4 hakuna shida. Zikirudi 11 kuna kitu kimeharibika, mutafute leo. Zikirudi 25 zima sasa hivi, usimalizie hata wimbo, kwa sababu zile wati zinazorudi zinageuka joto ndani ya transista ya mwisho na ile transista ndiyo kitu cha bei kali zaidi ndani ya sanduku.

Mwaka fulani mvua ilipoanza tulikuwa tumefika 14 na watu wa Idjwi wameshaacha kutusikia. Nilizima emeteri, nikapanda, nikafika kwenye fishi pale kable inapoingia antene. Kwa nje ilikuwa imefungwa skochi, ule utepe mweusi wa umeme, inaonekana vizuri kabisa. Nikakata skochi na wembe, nikafungua fishi, tone la maji likadondoka kwenye kiganja changu, na ndani ile shaba ilikuwa imekuwa kijani kama majani ya chai yaliyolowa. Nikakata sentimita 10 za kable, zile nyuzi za nje bado nyeusi, nikakata tena 20, bado, nilikata karibu mita nzima mpaka nikaona shaba inang'aa. Maji yanapanda ndani ya zile nyuzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, hayabaki pale yalipoingilia.

Basi kufunga fishi ni hivi. Kwanza ule utepe wa mpira unaojishika wenyewe, unauvuta mpaka unakuwa mwembamba, unazungusha. Juu yake skochi ya kawaida ili jua lisiule mpira. Na unazungusha kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko ufunike wa chini yake kama mabati ya nyumba, ukianza juu kwenda chini umetengeneza mifereji ya kuingiza maji. Hapa kwetu wengi wanatumia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliokatwa vipande virefu, nimeshatumia, unakaa miezi michache halafu unapasuka, kwa hiyo ukitumia huo andika tarehe ya kurudi juu. Na kable kabla haijaingia nyumbani ishuke chini kuliko tundu la ukuta halafu ipande kidogo, maji yadondokee pale kwenye tumbo yasifuate kable mpaka kwenye emeteri.

Kupima kable bila mashine ya bei: zima, chomoa ncha zote mbili, weka multimetri kati ya uzi wa katikati na ule wa nje. Inapaswa kuonyesha wazi kabisa, hakuna njia. Ikionyesha namba yoyote, hata kubwa, kuna unyevu ao nyuzi zimegusana. Usipime ikiwa bado imeshikana na antene, kwa sababu kuna antene ambazo kwa asili yake zinaonyesha sifuri na utaogopa bure.

Na tafadhali, musinunue kable ya televisheni kwa sababu ni rahisi. Ile ni ya ohm 75, emeteri inataka 50. Hata ile nyembamba ya ohm 50, RG-58, kwenye mita 30 inakula karibu theluthi mbili ya nguvu yenu, munalipia wati 100 na antene inapata 30 na kitu. RG-213 kwa urefu ule ule inakula kama theluthi moja. Pesa ya kununulia emeteri kubwa zaidi, mara nyingi ni heri iende kwenye kable.

Sheria ambayo hakuna ruhusa ya kuivunja: emeteri haiwashwi bila antene ao mzigo bandia, kile kipingamizi kinene cha ohm 50. Kwenye redio moja kijana alichomoa kable apate kuhamisha meza, mwenzake hakujua, akafika saa kumi na moja asubuhi akawasha kama kawaida. Redio ile ilikaa miezi minne bila sauti. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, ila hakukuwa na hata karatasi juu ya emeteri ya kusema USIWASHE.

Radi

Hapa siongei kwa kutisha watu. Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya mahali penye radi nyingi zaidi duniani wakitumia vipimo vya satelaiti, wa kwanza ni ziwa Maracaibo kule Venezuela, na wa pili duniani, wa kwanza Afrika nzima, ni Kabare. Kabare hii yetu, hapa pembeni ya mji. Karibu radi 205 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Na sisi juu ya vilima vyake tumesimamisha vyuma virefu.

Radi haihitaji kupiga mlingoti wenyewe. Ikipiga jirani, inaingia kwa waya wa umeme, ao kwa kable ya antene, na dalili baadaye ni hizi: emeteri inawaka, taa zote ziko, vantilateri inazunguka, lakini wati zinazotoka ni sifuri, hiyo ni transista ya mwisho. Ama haiwaki kabisa na kuna harufu ya kuungua, hiyo ni saplai. Ama kila kitu kinafanya kazi isipokuwa mstari mmoja wa mikseri, pale waya mrefu wa mikro ulikuwa umeingia.

Kinga ni waya wa ardhini, sisi tunauita tere. Vyuma vya shaba vya mita 2 vilivyopigwa ardhini, siyo kimoja, vitatu vikiachana angalau urefu wake, viunganishwe na waya mnene wa shaba, usiokunjwa kona kali kwa sababu radi haipendi kona, inaruka ukutani. Mlingoti, ganda la nje la kable, emeteri na umeme wa nyumba vyote viende kwenye tere moja. Hili nalikazia: tere mbili ambazo hazijaunganishwa ni mbaya, kwa sababu radi ikipiga moja inapanda maelfu ya volti kuliko nyingine na daraja la katikati linakuwa vifaa vyenu. Kiangazi ardhi ikikauka tere inakufa, mwagieni maji pale kwenye vyuma, ndoo mbili kila wiki.

Na ngurumo zikikaribia, unaona mwanga na kabla hujahesabu mpaka kumi umesikia sauti, mtangazaji aage, azime emeteri, achomoe umeme, halafu ndiyo achomoe kable ya antene, kwa mpangilio huo huo, na atoke kwenye kile chumba. Ila kama mwanga unapiga kila mara dirishani, usirudi kuchomoa kable, iache iungue. Emeteri inanunuliwa tena, mtoto wa watu hapana.

Inavuma mmmmm

Mvumo mzito usiobadilika, sawa na jenereta ya mbali, unatoka kwenye umeme. Jaribu hivi: chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukikufa hapo hapo, umeshapata, chaja na mikseri vinapata ardhi kwa njia mbili tofauti na umeme unazunguka kati yao. Weka vyote kwenye ralonji (waya wa kuongezea) moja, inayotoka prizi moja. Ikibaki, tafuteni kile kisanduku cha transfoma ya sauti kikae kati ya kompyuta na mikseri. Musikate kile chuma cha ardhi kwenye fishi, najua mvumo unaishaka ukikikata, lakini siku umeme ukivuja mtangazaji atakuwa ameshika mikro ya chuma mdomoni.

Tetetete tetetete ni simu, ikae mita mbili kutoka mikseri. Mluzi mkali ni larseni, mtu amefungua mikro na spika ya studio iko juu, ama msikilizaji anapiga simu huku redio yake imewashwa pembeni, mwambieni azime kabla ya kumweka hewani.

Kuna mvumo mwingine unachanganya sana: sauti inakwaruza na kutetemeka, inabadilika ukigusa waya wa mikro. Shusha nguvu ya emeteri mpaka chini kabisa ukiwa na kaske masikioni. Ikipona, mawimbi yenu wenyewe yanarudi studio, kwa sababu antene iko juu ya paa la chumba kile kile. Zungusha waya wa mikro mara tano sita kwenye pete ya feraiti, na siku mukipata pesa muhamishe antene mbali.

Mwimbaji amepotea

Sasa lile la bidoni. Yule mama aliongeza, "Magitaa nasikia vizuri, lakini mwenye kuimba ameenda wapi?" Studio sisi tulikuwa tunasikia wimbo wote kwenye kaske ya kompyuta, rumba ile ya zamani, sauti ya mwimbaji katikati kabisa. Nikaenda na kiredio nje, kweli, magitaa, ngoma, waitikiaji kidogo wa pembeni, na mwimbaji kama amefungiwa chumba cha tatu.

Chanzo kilikuwa waya mmoja. Kompyuta inatoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, kwenye fishi ndogo yenye pete mbili nyeusi. Mtu alinunua waya wenye fishi ndogo upande mmoja na fishi kubwa ya pete mbili upande mwingine, akaichomeka kwenye tundu la mikro ya mikseri. Lile tundu halijui kushoto na kulia, linatoa tofauti kati ya zile nyuzi mbili. Sasa mwimbaji amerekodiwa katikati, yaani yuko sawasawa kushoto na kulia, ukitoa kimoja kwenye kingine unapata sifuri. Mwimbaji anajiua mwenyewe, vinabaki vile vilivyorekodiwa pembeni. Dawa ni waya unaogawanyika, fishi ndogo kwenye kompyuta, fishi mbili kubwa za kawaida kwenye mistari miwili ya mikseri, kushoto na kulia. Bei yake hailingani hata na uniti tulizomaliza kupigia mafundi.

Ndiyo maana nawaambiaka watangazaji wasiamini kaske ya kompyuta. Kila siku mtu mmoja asikilize dakika tano kwenye kiredio cha spika moja, kile ambacho watu wanacho nyumbani.

Inapasuka, ama muziki unapiga kelele na mtu ananong'ona

Mtangazaji mwenye raha anapandisha kila kitu. Taa nyekundu za mikseri zikiwaka muda wote, hamusikiki mbali zaidi, munapasuka tu, na munavuka kiwango cha FM, kilohezi 75 kila upande, munaingia kwa jirani. Wekeni alama ya rangi ya kucha kwenye mikseri, fada ya mikro isipite hapa. Kompresa yenye kizuizi, kifaa kinachobana sauti isipite kiwango, ikipatikana ni pesa nzuri sana.

Idjwi wanasikia, Panzi hawasikii

Watu wanakasirika, Panzi ni hapa hapa na Idjwi ni ng'ambo ya maji! Lakini FM inaenda kama macho. Kutoka kilima chetu ziwa liko wazi mbele, hakuna kinachozuia, wakati kati yetu na Panzi kuna mgongo wa kilima. Kuongeza nguvu kutoka wati 100 mpaka 200 hakupiti ndani ya kilima, msikilizaji hata hatagundua. Kinachosaidia ni urefu, kupandisha antene mita 10, ao kuhamia kilima kinachoona pande zote, ao antene nyingine inayoangalia Panzi. Panda pale antene ilipo uangalie kwa macho yako, nyumba unazoziona ndizo zitasikia vizuri.

Na kama Panzi wanasikia redio nyingine ndani ya yenu, kiredio cha FM kinashikaka mwenye nguvu zaidi pale kilipo, na sisi tuko mpakani, upande wa Rusizi, Rwanda, nao wako na redio zao. Hilo linamalizwa na wenye kugawa masafa, hamlimalizi kwa kubishana wati. Lakini kwanza muhakikishe siyo nyinyi munaosumbua wengine: emeteri ya kutengeneza mtaani bila chujio inatupa takataka juu ya megahezi 108, na hapo juu ndipo ndege zinapoongelea. Rubani anayeshuka kwenye ukungu anahitaji masikio safi. Kama emeteri yenu haina chujio, hili lisingoje mwezi ujao.

Emeteri nzima, umeme upo, na saa kumi na mbili kimya

Huu ni ugonjwa wa watu, na nauweka humu kwa sababu umenyamazisha redio nyingi kuliko radi. Msichana wetu wa kipindi cha asubuhi alikuwa anatembea kwa miguu kutoka mbali, gizani, kwenye matope, bila kulipwa, anafika saa kumi na mbili kasoro, na mlango umefungwa kwa sababu ufunguo uko mmoja na mwenye nao amelala. Alisimama mvuani mara tatu. Mara ya nne hakuja, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu.

Funguo ziwe tatu. Orodha ya zamu ibandikwe ukutani na kila zamu iko na mtu wa pili. Pesa ya komunike, yale matangazo ya vifo, ya mbuzi waliopotea na ya mikutano, isomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, na sehemu yake iwe ya usafiri wa wale wa alfajiri, hata kama ni ndogo. Watu wanavumilia kukosa pesa, hawavumilii kuona mmoja anakula peke yake. Na fundi mmoja ni hatari, mimi mwenyewe nafundishaka wawili kila mwaka, mmoja wao lazima msichana, wasome ile namba ya nguvu inayorudi na wafunge fishi bila mimi.

Mukiona habari za redio zimejaa mkubwa mmoja tu kila siku, hiyo nayo ni dalili, kuna bahasha inapita kwa mwandishi. Fuateni njia yake vile vile munavyofuata ya sauti, lakini muanze kwa kuuliza yule mwandishi amekula nini leo.

Mumepima vyote na ni emeteri kweli

Munajua ni yenyewe mukiunganisha mzigo bandia badala ya antene, umeme ni 220 kamili, sauti imeingia, na bado wati hazitoki. Hapo musifungue. Andikeni karatasi: siku na saa ilipokufa, hali ya hewa, volti mulizopima, namba ya nguvu inayorudi ya wiki ya mwisho, na mambo yote mumeshajaribu, hata yale munayoona aibu kusema, kwa sababu fundi atapoteza siku mbili kuyatafuta. Ifungeni kwenye godoro la sponji ndani ya karto ngumu, transfoma nzito iwe chini. Ikienda Goma kwa boti, mpeni mtu wa kuishika, ikae ndani na siyo kwenye sitaha, na ile karatasi muibandike kwenye emeteri yenyewe, siyo kwenye karto, kwa sababu karto zinabadilishwaka bandarini.